Wimbo wa Wote, Jina la Nani?

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet akiwa na mashine ya kunasa sauti, na wasichana wa Kipsigis wakamwimbia "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933. Sauti yake ilifika huku ndani ya santuri, na ndimi za huku zikalifinyanga jina lake upya. Utafute wimbo huo leo kwa simu, utaupata. Waimbaji wameandikwa hivi: Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis. Mmoja ana jina. Wengine ni "wasichana" tu.

Swali langu ni hili: sisi tunaousikiliza wimbo, tuna deni la jina kwa aliyeutunga?

Mimi ni wa Mulot, pale mpakani mwa Bomet na Narok, na kwetu jibu la haraka ni kwamba wimbo ni wa wote. Harusini mama mmoja anaanzisha, wenzake wanapokea, mwingine anaongeza ubeti wake. Ikifika jioni, nani atasimama aseme huu ni wangu? Ataonekana anajisikia. Na hoja hii si ya kipuuzi. Hata sheria ya Kenya ya 2016 kuhusu maarifa ya jadi inakubali kwamba jamii nzima inaweza kuwa mwenye mali.

Lakini hebu tuangalie vizuri. Shangazi yangu hutungia kwaya ya kanisa. Anakamua ng'ombe huku akiimba chini kwa chini, na Jumapili unasikia kitu kipya. Sokoni wamama wanamwambia, "Huo wako wa jana umetuliza, bana." Jina lake halijaandikwa popote, na hakuna haja, kwa sababu kila mtu anajua. Kisha kwaya ikaenda kurekodi. Video ilipotoka, mtunzi aliyeandikwa ni mwalimu wa kwaya. Tulipouliza tukaambiwa nyimbo za Mungu hazina mwenyewe. Sawa. Sasa mbona jina la mwalimu lipo?

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Nyumbani, wimbo ni wa wote kwa sababu wote wanajua umetoka kwa nani. Ukivuka daraja na kwenda mbali, "wa wote" hugeuka kuwa "wa yeyote", na huyo yeyote mara nyingi ni mwenye maikrofoni.

Wala si mambo ya kijijini tu. Fanny Mendelssohn, Mjerumani aliyezaliwa 1805, alitunga kazi zaidi ya 400. Nyimbo zake sita zilichapishwa kwa jina la ndugu yake Felix. Mwaka 1842 Malkia Victoria wa Uingereza alimwimbia Felix mmoja wa nyimbo hizo, na Felix ikambidi akiri kwamba umetungwa na dada yake. Fanny alichapisha kazi kwa jina lake mwenyewe 1846. Mwaka uliofuata akafariki, akiwa na miaka 41.

Utasema, muziki si ulibaki? Ndiyo, ulibaki. Ila jina si sifa peke yake. Jina ni anwani, mahali ambapo swali linaweza kupelekwa. Tracey aliandika kwamba wasichana wale walimwona Chemirocha kama nusu mtu, nusu swala, na dunia imeirudia hadithi hiyo mpaka leo. Maelezo ya wimbo yakawa ya aliyenasa, si ya walioimba. Ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo Ketebul Music ya Nairobi na hifadhi ya ILAM ya Afrika Kusini wakairudisha rekodi ile Kapkatet. Asiye na jina huwezi kumuuliza alimaanisha nini. Huwezi kumshukuru, wala hata kubishana naye.

Kwa hiyo naamini deni lipo, na kulilipa hakuhitaji mahakama. Santuri ilikuwa na karatasi ndogo tu ya duara katikati. Simu yako haina kisingizio hicho. Ukimrekodi mtu harusini, uliza nani ametunga kabla hujatuma popote. Andika jina lake juu ya lako. Na wakikwambia walitunga watano, andika watano.