Mali na Akili ni Amana Mbili

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, alinijia kijana mmoja baada ya sala ya alasiri, naye ni katika wale niliowasomesha tangu alifu mpaka wakakhitimu, kisha akaihifadhi Kurani yote kifuani. Akakaa kitambo hasemi neno. Kisha akaniambia, "Maalim, nina masuala mawili. La kwanza, kununua na kuuza hisa kwa simu, ni biashara au ni kamari? La pili, mbona nimeanza kusahau?" Nikamwuliza, "Umesahau nini?" Akasema, "Nilisimama mbele ya watu katika sala, nikasoma juzuu niliyoijua tangu nina miaka tisa, nikakwama. Mtoto aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyenifungulia."

Nami kwa haraka nikamjibu, "Ni kamari, acha." Akainama kwa adabu, akasema, "Maalim, niwie radhi. Lakini nawe unazo hisa alizokuachia marehemu baba yako, na kila mwaka wapokea faida yake." Nikanyamaza, kwani alisema kweli. Na mwenye kuulizwa akijibu kwa neno asilolifuata mwenyewe, jibu lake huwa ni kukemea tu, wala si kufundisha. Basi nikamwomba siku saba nipate kufikiri, na karatasi hizi ndizo majibu yangu. Nimezitoa chapani kwa kuwa najua si yeye peke yake aulizaye.

JUU YA MALI

Watu wengi hudhani kuwa kamari ni haramu kwa sababu ya khatari iliyomo. Sivyo. Nahodha apakiaye shehena, na mkulima apandaye kabla ya mvua, na mwenye duka aagizaye nguo za Idi, wote wamo katika khatari, wala wanavyuoni hawakuwaita wacheza kamari. Sheria imekataza gharari, nayo ni kuuziana kitu ambacho haijulikani kipo au hakipo, kitapatikana au hakitapatikana. Haikumkataza mtu kutoijua kesho, kwani hakuna aijuaye ila Mungu.

Basi tofauti i wapi? Hisa kwa asili yake ni fungu katika ushirika. Mwenye nayo ana sehemu katika majengo ya kampuni na mashine zake na faida yake. Kampuni ikifanya kazi ya halali ikachuma, washirika wote huchuma pamoja, wala faida ya huyu haitoki katika hasara ya yule. Kwa ajili hii Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililoko Jeddah, katika azimio lake la mwaka 1992 juu ya masoko ya fedha, lilisema kuwa asili ya kushiriki katika makampuni yenye shughuli za halali ni kujuzu; lakini likakataza kuuza hisa usizozimiliki, na kununua kwa mkopo wa riba. Na sisi tulio katika madhehebu ya Imamu Shafii tulilisoma hilo tangu zamani, ya kwamba mtu hauzi asichokimiliki wala asichokwisha kukikabidhi.

Lakini yule anunuaye hisa jioni ili aiuze kabla ya kulala, naye hajui hata kampuni yenyewe yafanya kazi gani, huyo hakununua ushirika. Amenunua dhana za watu. Haitazami kazi ya kampuni, bali huwatazama wenzake watafanyaje. Na wenzake nao wamtazama yeye. Kila mmoja hutumaini kuwa nyuma yake yuko mwingine aliye mjinga zaidi atakayempokea mzigo kwa bei kubwa.

Na insafu ni wajibu, kwa hiyo tutaje na hoja yao. Wao husema kuwa ni wachuuzi hawa walifanyao soko liwe na mnunuzi kila saa, hata mjane akitaka kuuza hisa zake ili alipe dawa, asikose wa kuzinunua. Neno hili lina ukweli, wala silikatai. Lakini manufaa alipatayo soko kwa mtu hayamhalalishii mtu huyo kuiangusha nyumba yake. Mtumbwi wahitaji mwenye kupiga kasia, wala hauhitaji azame.

Tazama mifano mitatu. Wa kwanza ni Isaac Newton, mtu wa Uingereza aliyepima mwendo wa sayari. Mwaka 1720 hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini zilikuwa pauni 128 hivi mwezi wa Januari, zikapanda wakati wa joto zikakaribia 1,000, na kabla ya mwaka kwisha zikawa chini ya 200. Newton aliziuza mapema akapata faida. Kisha alipowaona wenziwe wazidi kutajirika, akarudi akanunua karibu na kilele, akala hasara kubwa. Akili yake haikupungua mwaka ule, ila aliiacha ikatawaliwa na tamaa.

Wa pili ni wa Kuwait, nchi ya Waislamu. Baada ya soko lao rasmi kuanguka mwaka 1977, serikali iliwaokoa walioharibikiwa, ikalitilia soko masharti. Wenye pupa wakahamia soko lisilo rasmi lililoitwa Suq al-Manakh, nalo jina hilo maana yake ni pahali pa kupigisha ngamia magoti. Huko hisa za makampuni ya nchi jirani ziliuzwa kwa hundi za tarehe ya mbele. Mtu hununua leo kwa fedha asizokuwa nazo, akitumaini kuuza kwa bei kubwa zaidi kabla ya siku ya hundi kufika. Mwezi wa Agosti 1982 hundi zikaanza kukosa malipo, na mnyororo wote ukakatika. Zilipohesabiwa zilikuwa kiasi cha 29,000, na jumla yake dola bilioni 94, katika nchi ambayo watu wake hawakufika hata milioni 2. Deni liliuzwa kwa deni, nalo ni jambo ambalo fiqhi ilikwisha kulikataza.

Wa tatu ni wa hapa kwetu. Mwaka 2008 nchini Kenya hisa za kampuni kubwa ya simu ziliuzwa kwa watu wote kwa shilingi 5 kila moja, na wengi wakakopa benki ili wazinunue. Kabla ya mwaka kupita bei ikashuka chini ya shilingi 3, na waliokopa wakauza kwa hasara, na riba juu yake. Aliyenunua kwa fedha yake iliyozidi haja zake, akakaa, aliiona mwaka 2021 ikipita shilingi 40. Na aliyeifuata kwa pupa mwaka huo aliiona mwaka 2023 ikiwa chini ya 15. Hisa ni ile ile, na kampuni ni ile ile. Kilichobadilika ni niya ya mnunuzi, na fedha aliyonunulia, na subira yake.

JUU YA AKILI

Imamu Ghazali ametaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, na nafsi, na akili, na nasaba, na mali. Na katika Kurani ulevi na kamari vimetajwa na kukatazwa pamoja. Nilipokuwa kijana nilidhani kuwa ulevi ni adui wa akili, na kamari ni adui wa mali. Sasa naona kuwa kila kimoja hula zote mbili. Na mwaka 2013 chama cha matabibu wa akili cha Marekani, kilipotoa chapa ya 5 ya kitabu chake cha maradhi, kiliutia ugonjwa wa kamari katika mlango mmoja na pombe na madawa ya kulevya.

Sababu yake imechunguzwa. Wolfram Schultz, mtaalamu wa ubongo, katika miaka ya 1990 aliona katika nyani kuwa chembe za ubongo zitoazo dopamini huamshwa zaidi na malipo yasiyotazamiwa kuliko yale yaliyokwisha kuzoeleka. Ndiyo maana shilingi iliyokuja kwa nasibu huwa tamu kuliko shilingi ya mshahara, na mwenye kuionja hurudi tena hata kama amekwisha kupoteza mia.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Soko la New York, kwa saa zetu za Afrika ya Mashariki, hufunguliwa saa kumi na nusu au kumi na moja u nusu ya jioni, na hufungwa saa tano au saa sita ya usiku, kwa kadiri ya majira yao. Basi magharibi na isha zote mbili zamo ndani yake, nao ndio wakati wa darasa. Hulala saa nane huku moyo wamwenda mbio, na alfajiri yamwamsha hajatosheka. Naye ashangaa kuwa amesahau! Katika usingizi ndipo ubongo huyatia nguvu yale tuliyojifunza mchana. Asiyelala hunakili juu ya mchanga. Kwa mtu mzima matabibu huagiza saa 7 au zaidi kila usiku, nasi tulifundishwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alichukia mazungumzo yasiyo na haja baada ya isha.

Na mwaka 2024 jopo la matabibu wa gazeti la The Lancet lilitaja mambo 14 yatiayo mtu katika khatari ya kupoteza akili uzeeni, likakisia kuwa karibu nusu ya ugonjwa huo huweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, na sukari, na tumbaku, na ulevi, na kukaa kitako, na masikio kupungua, na upweke, na kukosa elimu utotoni. Dawa zake nyingi hazina bei kubwa: tembea kwa miguu kwenda msikitini, dakika 150 kwa wiki au zaidi, punguza chumvi na sukari, pimwa damu yako, usione haya kuvaa chombo cha kusikilizia, hudhuria baraza na jamaa, jifunze usichokijua hata kama nywele zimekuwa nyeupe.

Lakini watu hawayapendi haya, kwa kuwa yaenda polepole. Wao wataka chupa iuzwayo kwa ahadi ya kuongeza akili kwa siku thelathini. Huyu ni ndugu wa yule atakaye utajiri kabla ya kulala. Mali na akili zote hukua kwa nyongeza ndogo za kila siku, na mwenye kuzikimbilia huzimwaga.

HUKUMU

Siku ya saba kijana alirudi, nikamsomea haya. Nikamwambia: "Mwanangu, jipime kwa mambo manne. Je, wajua ulichokinunua, na kazi yake ni halali? Je, umekimiliki kweli kabla ya kukiuza? Je, fedha ni yako, tena imezidi haja za watu wako? Na ukiisha kununua, waweza kusali rakaa nne moyo wako usiende sokoni? Yakitimia yote, huo ni ushirika. Yakikosekana matatu ya kwanza, au moja katika hayo, usiingie. Na likikosekana la nne peke yake, siwezi kusema kuwa mkataba umebatilika. Lakini nasema kuwa wewe umekwisha kuuzwa."

Machozi yakamtoka. Akasema, "Maalim, lile la tatu. Fedha haikuwa yangu. Ni ya mama, aliyoiweka miaka kumi na moja aende Hija, na nusu yake imekwenda. Naye hajui."

Hapo nikafahamu kwa nini alikwama katika sala. Sikumwongezea lawama. Nikamwambia, "Jibu langu la kwanza limekuwa hili: nenda ukamwambie usiku huu, kabla ya soko kufungwa. Kisha utamlipa kwa kazi ya mikono, kidogo kidogo, wala hutamlipa kwa kubahatisha tena. Kwani kutafuta kilichopotea pale pale kilipopotelea ndiko kuliko wamaliza wengi."

Alikwenda. Mama yake alilia, kisha akamwuliza kama amekula. Sasa kijana afundisha watoto baina ya magharibi na isha, na kila mwezi humpelekea mama fungu. Juzuu yake yamrudia, aya baada ya aya. Fedha bado haijatimia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.