Kodi ya Nyumba

Na tuutazame mji wa Berlin katika Ujerumani. Mwezi wa Februari 2020 serikali ya mji ule ilizuia kodi za nyumba nyingi zisipandishwe kwa miaka 5, ila zikae kama zilivyokuwa Juni 2019. Wapangaji wakashukuru. Lakini Aprili 2021 Mahakama ya Katiba iliitangua sheria hiyo, kwa kuwa neno hili lilikuwa la serikali kuu, wala si la mji. Ndipo wenye nyumba walipopata haki ya kudai masalio ya kodi. Wengine walidai, wengine wakasamehe.

Basi, haki yao ilikuwa moja, bali mioyo haikuwa mmoja. Sheria ni njema, maana humkinga mnyonge, nasi yatupasa kuitii. Walakini yaweza kutanguka, pendo halitanguki. Katika Walawi 25 Mungu aliwafundisha Waisraeli ya kuwa nchi ni yake, nao ni wageni wake tu. Nasi tupangishao vyumba tu wageni vivyo hivyo. Kabla ya kumwongezea mjane kodi, tumkumbuke Yeye atukaribishaye, aliyetusamehe deni tusiloweza kulilipa. Amin.