Nyumba Iliyosimamishwa: Wakfu na Ufufuaji wa Mji Mkongwe wa Zanzibar

Neno wakfu, ambalo Waswahili walilipokea kutoka Kiarabu pamoja na sheria yake, asili yake ni kusimamisha, na kitenzi hicho cha Kiswahili kina maana mbili zisizopatana daima: kusimamisha kitu ni kukizuia kisiendelee na safari yake, na pia ni kukifanya kisimame wima kisianguke. Mwislamu anayeiweka nyumba yake wakfu huizuia isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, ili pango lake liendelee kuwafikia wanufaika aliowataja, wawe ni msikiti, mafukara au kizazi chake mwenyewe. Msingi wa desturi hiyo ni hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuhusu ardhi ya Umar bin al-Khattab huko Khaibar, ambayo Mtume alimwelekeza aizuie yenyewe na kuyatoa sadaka mazao yake. Lakini Khaibar palikuwa mahali pa mitende, na shamba, likitunzwa, hujirudisha lenyewe msimu baada ya msimu, ilhali nyumba ya mawe haizai nyumba nyingine.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliowapimia mafundi upana wa vyumba. Maji yakipenya kwenye paa, chokaa hulegea, boriti huoza, na ukuta ulioegemea wenzake huwavuta wenzake. Hata Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu Desemba 2020 likiwa katika ukarabati. Nyumba ya wakfu inayokaliwa na wapangaji wa pango dogo haina hazina ya kustahimili gharama kama hizo, na msimamizi wake, aitwaye mutawalli, hana ruhusa ya kuuza nusu ili aokoe nusu. Mwaka 1905 utawala wa Kiingereza uliunda kamisheni ya kuzisimamia mali hizi, na hadi leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hata hivyo, kubadilika kwa msimamizi hakukuondoa ugumu wenyewe.

Juu ya ugumu huo ikaja sera ya ufufuaji wa mji, yaani mpango wa kuirudishia thamani sehemu iliyochakaa kwa kukarabati majengo, kuvutia mitaji na kuingiza shughuli mpya za uchumi. Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Watalii waliongezeka, nyumba zikageuzwa hoteli, na jengo ambalo pango lake halikutosha kununulia chokaa likawa na mwekezaji aliye tayari kulijenga upya lote, kwa sharti kwamba waliomo watoke.

Wanazuoni walilijadili swali la aina hii chini ya jina la istibdali, yaani kubadilisha mali ya wakfu kwa mali nyingine inayochukua nafasi yake. Wafuasi wa Imam Shafii, ambao ndio wengi Zanzibar, walikuwa wagumu zaidi, wakihofia kwamba mlango ukifunguliwa kwa dharura utabaki wazi kwa tamaa. Wahanafi walimruhusu kadhi kubadilisha panapokuwa na maslahi ya wazi, na Wahanbali walifika hadi kuruhusu msikiti usiofaa tena kuuzwa, wakitegemea mapokezi kwamba Umar aliamuru msikiti wa Kufa uhamishwe. Hofu ya Mashafii haikuwa ya bure, kwani historia ya wakfu imejaa wasimamizi walioona maslahi pale palipokuwa na mnunuzi. Lakini kuiacha nyumba ianguke kwa jina la kutoigusa ni kushika maana moja ya kusimamisha na kuitupa ya pili, na kifusi hakimlishi fukara yeyote.

Jambo ambalo mijadala ya kale haikulipa uzito mkubwa ni chanzo cha thamani inayopanda. Thamani ya nyumba ya Mji Mkongwe leo haitokani na mwekaji wakfu peke yake, wala na mwekezaji; inatokana pia na mtaa wenyewe, na baraza zake, maduka yake, adhana zake na watu waliobaki humo miaka ambayo hakuna aliyeutaka. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori la Darajani, waligoma kulipa kodi ya viwanja vilivyobeba nyumba walizozijenga wenyewe, na ndani ya mgomo huo lilikuwamo swali lilelile: nani mwenye haki juu ya faida ya mahali. Mantiki ya wakfu ina jibu ambalo sera ya ufufuaji haina, kwa kuwa inamtaja mnufaika kabla ya faida kupatikana. Ongezeko lote, hata lisilotarajiwa, ni la yule aliyetajwa, na hoteli inayolipa pango kamili kwa ajili ya mafukara haijavunja sharti hata kama mafukara hao hawalali tena ndani yake. Jibu hilo ni safi kisheria, ingawa mpangaji maskini anayefungasha virago huenda asiuone usafi huo.

Ugumu unazidi katika wakfu wa ukoo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi ziliondoka, baadhi zikaenda Oman, na katika nyumba zao wakaingia watu wengine, wengi wao wakiwa hawana kitu. Kanuni ya baadhi ya mafakihi ni kwamba wanufaika waliotajwa wakimalizika, mapato huwaendea maskini. Lakini wajukuu walioko Muscat hawajamalizika, wapo mbali tu, na maskini naye yupo, anakinga ndoo chini ya boriti inayovuja.