Uchungu wa Kuzaa Si Kesi ya Dhambi

Masomo: Mwanzo 3:16-19, Mwanzo 35:16-18, Yohana 9:1-3



Leo tunawaletea neno juu ya jambo ambalo wababa wengi hawapendi kulisikia: saa ya mama kuzaa. Katika nyumba nyingi za waamini, mama akikawia kuzaa, maulizo yanaanza. «Umefanya nini? Ulitembea na nani? Ungama, mtoto apate kutoka.» Anayelia anaambiwa hana imani. Saa zinapita, jua linachwa, na njia ya kwenda maternite inakuwa giza. Wapendwa, jambo hili si la Mungu.

1. Uchungu si hukumu

Tumwangalie Raheli. Uchungu ulimshika njiani, karibu na Efrata, nao ulikuwa mzito. Raheli huyu aliwahi kuiba miungu ya baba yake Labani na kuificha. Lakini mzalishaji aliyekuwa pamoja naye hakumwuliza habari ile. Alimwambia asiogope, kwa maana mtoto mwingine wa kiume anakuja. Kazi ya mzalishaji ni kuondoa hofu, si kuiongeza. Na wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, Bwana alilikataa ulizo lenyewe. Nasi tulikatae. Wakati wa kuungama upo, lakini si ule ambao mama anapigania roho mbili.

2. Miiba inang'olewa

Wengine wanasema: Mungu alimwambia Hawa atazaa kwa uchungu, basi kumpunguzia mama maumivu ni kupinga Neno. Ulizo hili ni la zamani. Mwaka 1847, kule Edinburgh, daktari James Young Simpson alianza kuwapa wamama dawa ya kutuliza maumivu ya kuzaa. Watu wa dini walipompinga, aliwajibu kwa Biblia. Aliwakumbusha kwamba katika sura ile ile ardhi nayo ililaaniwa ili itoe miiba. Na kwamba Mungu mwenyewe alimlaza Adamu usingizi mzito kabla ya kutwaa ubavu wake.

Ndugu wababa, nani kati yetu anayeacha magugu katika shamba la muhogo kwa kuheshimu laana? Sote tunashika jembe. Basi, ikiwa tunajipunguzia jasho letu, kwa nini tumkatalie mama kupunguziwa uchungu wake?

3. Namna ya kumsaidia mama

Tumbo la uzazi linajikaza ili mlango ufunguke na mtoto ashuke. Uchungu unakuja, unapanda, unashuka, kisha unampa mama nafasi ya kupumzika. Hofu inaukaza mwili na kuongeza maumivu. Kwa hiyo:

- Mama asiachwe peke yake. Akae naye mtu anayemtumaini: mama yake, dada yake, au bwana wake.
- Akiweza, atembee, achuchumae, aegemee ukuta. Akichoka alale kwa ubavu, asilale chali muda mrefu.
- Asuguliwe kiuno kwa kiganja, awekewe kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza.
- Uchungu ukipanda, apumue polepole, atoe pumzi ndefu.
- Anywe maji au uji kidogo kidogo, na aende kukojoa mara kwa mara.
- Asisukume kabla ya kuambiwa na mzalishaji kwamba mlango umefunguka.
- Mizizi ya kuharakisha uzazi tusimpe hata kidogo. Inaweza kulikaza tumbo hata likapasuka.

Wimbo wa polepole unasaidia. Makelele hayasaidii.

4. Tuombe tukiwa njiani

Uchungu ukianza, mama aende maternite. Akitoka damu nyingi, akishikwa na degedege, akiumwa kichwa sana na macho kuona ukungu, akiwa na homa, au mkono wa mtoto ukitangulia, msingoje hata sala iishe. Mtoto akikwama muda mrefu, kichwa chake kinabana nyama iliyo karibu na kibofu mpaka inakufa na kutoboka, na mama anabaki akivuja mkojo mchana na usiku.

Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa tuzo la Nobel la Amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji. Utotoni alimfuata baba yake kuombea wagonjwa, akaona kwamba pamoja na sala mgonjwa anahitaji dawa. Kule Lemera aliona wamama wanavyoteseka kwa uzazi, akaenda Ufaransa kujifunza kazi hiyo. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi. Baba aliomba, mwana akatibu, na Mungu ni mmoja. Shifra na Pua nao walikuwa wazalishaji, na Mungu aliwajengea nyumba.

Nabii akipata ono juu ya mama, aliseme wakati kipoyi kiko njiani. Roho wa Mungu hapotei njia.

5. Kazi ya kanisa

Tunaomba kila kundi la wamama liwe na likelemba ya uzazi, ili mama asizuiliwe hospitalini kwa sababu ya deni. Vijana wajue mapema nani atabeba kipoyi, nani ana pikipiki. Na wewe baba, weka akiba tangu mimba inapojulikana, si siku ya uchungu.

Yesu alisema mama akiisha kuzaa haikumbuki tena dhiki yake, kwa furaha ya mtoto. Lakini maneno mabaya aliyoambiwa saa ile, hayo anayakumbuka. Tumpe maneno mema.

Bwana awalinde wamama wote wenye mimba katika kundi letu. Amina.