Magoti Yanapopigwa, Moyo Uko Wapi?



Tumepokea ulizo kutoka kwa vijana, na kwa wamama wenye maumivu ya mgongo: je, mwamini anaweza kufanya yoga nyumbani mwake? Wengine wamesema ni mazoezi tu. Wengine wamesema ni ibada ya sanamu, na anayeifanya aondolewe kati ya waimbaji. Tusihukumu mbele ya kujua.

Yoga ilitoka India. Jina lake katika lugha ya Kisanskriti lina maana ya kufunga pamoja, kama ng'ombe wawili katika nira. Kwa wenyeji wake tangu zamani ni njia ya kuituliza roho, wala si mazoezi ya mwili peke yake. Lakini namna ya mazoezi inayojulikana sana leo ilitengenezwa zaidi katika karne ya 20. Mwalimu Krishnamacharya alifundisha huko Mysore katika miaka ya 1930, na mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar alitoa kitabu mwaka 1966 kilichoenea ulimwenguni. Basi anayesema haina dini ndani yake hasemi kweli yote. Na anayesema kila anayejinyoosha anaabudu miungu, naye hasemi kweli yote.

Hapa ulizo linakuwa gumu kwetu. Sisi tunapiga magoti na kuinua mikono mbele ya Mungu. Hatuwezi kusema kwamba mwili hausemi kitu. Lakini mama anayewasha mbabula asubuhi naye anapiga magoti, na hakuna anayesema anaabudu makala. Magoti ni yale yale. Kinachotofautisha ni yule ambaye moyo unamwelekea, na neno linalotoka kinywani.

Kwa hiyo tunaona hivi. Kujinyoosha na kupumua polepole kwa ajili ya afya si dhambi. Kutaja majina ya miungu, au kurudia maneno tusiyojua maana yake, tuache. Sala ya mtu haikopwi kama sufuria. Wala tusiwacheke wenye nayo.

Anayetaka kuanza atandike mkeka, masaa mawili au matatu baada ya kula, kwa dakika 10 au 15. Asimame wima, apumue kwa pua. Halafu apige magoti, mikono chini, ainue mgongo kama paka na kuushusha polepole. Kisha akae juu ya visigino, ainamishe paji la uso hadi mkekani. Amalize kwa kulala chali akipumzika. Asishindane na mtu. Maumivu makali yakija, aache. Mwenye mimba, mwenye tansio kubwa, au aliyeumia mgongo amwone munganga kwanza.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorinto juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, hakuona kosa katika nyama yenyewe, lakini alikuwa tayari kuiacha kwa ajili ya ndugu mwenye dhamiri dhaifu. Basi anayefanya asimdharau asiyefanya, na asiyefanya asimfukuze anayefanya. Na kila mmoja ajipime: kama mazoezi yanaiba saa ya sala, au yanamtenga na ndugu zake, yamekwisha kuwa bwana wake. Mwili ni mtumishi. Tuutunze vizuri, lakini usitawale.

Amani ikae nanyi nyote.