Mlango wa Sinema

Ndugu wakatekumeni, tulipofundisha amri ya saba mmoja wenu aliuliza: asiyeiba, bali apokeaye tu fedha anayoletewa, aweza kuwa na deni? Swali hilo nalijua tangu utoto, kwani nalikulia katika nyumba iliyoishi kwa sinema, mtaa wa Katuba, mjini Lubumbashi.

Ukumbi wetu ulikuwa chumba chenye mabenchi, televisheni na mashine ya video. Baba aliendesha mashine. Mimi nilikaa mlangoni kupokea fedha. Jioni moja alikuja mtoto wa jirani, noti mkononi na bakuli tupu kwapani. Niliona wazi kwamba ametumwa kununua unga wa bukari. Nikapokea noti, nikamfungulia. Kumbe nyumbani alisema ameipoteza, na mamaye akalala na njaa pamoja na watoto wote. Nilipomweleza baba, alinijibu: “Mlango hauulizi fedha imetoka wapi.”

Msidhani nailaumu sinema yenyewe. Zamani za Wabelgiji, kampuni ya Union Minière ilionyesha filamu kwa wafanyakazi katika kambi zake. Na miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst alitengeneza kule Kasai filamu za Matamata na Pilipili, watu wakacheka sana. (Kucheka si dhambi, hata kwa mkatekista.) Baba Mtakatifu Pio XI aliandika juu ya sinema mwaka 1936, na Pio XII tena tarehe 8 Septemba 1957. Huyo wa pili hakusema na watengenezaji na watazamaji tu. Alisema hata na wenye kumbi, akiwakumbusha wajibu wao.

Neno la baba lilikuwa kweli kwa mlango: ubao hauna macho. Lakini aketiye mlangoni anayo. Kama nisingalijua, nisingalikuwa na hatia. Wala hatudaiwi kuchunguza kila noti, maana hapo hakuna duka ambalo lingeweza kufunguliwa. Ila mimi nilikwisha kuliona lile bakuli. Nanyi mnaopika lutuku vijijini mwamjua mume ajaye kwenu na fedha ya masomo ya mwanawe. Hamkumlazimisha, ni kweli; hata mimi sikumvuta yule mtoto kwa mkono. “Asingaliingia kwetu, angaliingia kwingine,” twasema. Labda. Lakini ni sisi tuliokula bukari usiku ule kwa fedha ile.

Mama aliyasikia maneno yetu. Asubuhi alipima unga, akanituma kwa mama wa yule mtoto. Mama yule aliupokea, akanitazama, akauliza: “Ni deni gani hili?” Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake, ananikazia macho. Sikuweza kulitaja deni langu bila kulitaja lake.