MALI YA MATEKA NI AMANA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, Kitui na Makueni si nchi ngeni kwetu watu wa pwani. Misafara ya wazee wetu ilifika huko, na reli ipitayo Kibwezi na Makindu ikazidi kutuunganisha. Wengi wetu tuna wajomba huko. Katika vita vya 1914–1918 Wakamba walichukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi wa jeshi, na katika vita vya 1939–1945 vijana wao walipigana Uhabeshi na Burma. Wako waliorudi, wako waliokufa, na wako ambao habari zao zilikatika.

Miongoni mwao alikuwa ndugu wa babu yangu mzaa mama, mtu wa Kitui, aliyetekwa katika vita hivyo vya pili. Jamaa zake walingoja habari, hazikuja, wakasema amekufa. Wakasoma hitima, wakachinja, kisha wakagawana ng'ombe wake na shamba lake. Vita vilipokwisha akarudi yu hai, akawa mgeni katika ardhi aliyoilima kwa mkono wake. Hakurudishiwa kitu mpaka alipofariki. Leo wajukuu wa wale waliogawana humkumbuka kila mwaka kwa hitima na pilau, na wajukuu wake mwenyewe hualikwa kula. Wala hapana aulizaye habari ya shamba.

Je, huku ndiko kumkumbuka mateka? Tutazame nyumba ya Mtume wetu. Katika vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, Abul-As, mume wa bibi Zaynab binti Mtume, alitekwa na Waislamu, naye bado hajasilimu. Bibi Zaynab alikuwa Makka. Akaleta fidia ya kumkomboa, na ndani yake mkufu aliopewa na mama yake, bibi Khadija, siku ya arusi. Mtume alipouona aliingiwa na huruma kubwa, akawaomba masahaba, wakikubali, wamwachie mateka na kumrudishia bibi mkufu wake, wakakubali.

Basi pimeni wenyewe. Yule alitoa kilicho chake akipendacho ili mateka arudi; hawa walichukua kilicho cha mateka kabla hajarudi.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wamebainisha: mateka ambaye habari zake zimekatika, mali yake husimamishwa, wala haigawanywi, mpaka ithibiti kufa kwake kwa ushahidi, au kadhi ahukumu baada ya kupita muda ambao mfano wake haishi zaidi yake. Hitima si ushahidi wa kifo, na pilau hailipi deni. Aliyerithi kitu kilichotwaliwa bila ya haki hakurithi mali, amerithi deni.

Mwenye jamaa wa namna hii na amwombee dua, amtolee sadaka. Lakini kwanza awarudishie warithi wake haki yao, angali hai. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atupe nguvu ya kutimiza amana. Amin.